Nondo mbili mgongoni: miezi 11 baada ya kunyooshwa uti wa mgongo ukubwani

#1 NondoMbili

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Ukitafuta habari za upasuaji wa skoliosi (uti wa mgongo uliopindia kando) unakutana na watoto wa miaka 13 ambao baada ya wiki chache wamesharudi darasani. Sisi tuliopasuliwa ukubwani hatuna wa kutusemea, na mwili wa miaka 43 hauponi kama wa mtoto. Leo natimiza miezi 11. Naandika sasa kabla sijasahau, maana maumivu yakishapita mtu huanza kuyasimulia kwa kuyapunguza.

Mgongo wangu ulianza kupinda nikiwa msichana. Haukuuma, basi ukaachwa. Kwa wasiojua, daktari huchukua eksirei akapima pembe ya mpindo, na kuanzia digrii 10 ndipo inaitwa skoliosi. Uliovuka 50 mara nyingi hautulii hata ukiwa umeacha kurefuka, unaongezeka kama digrii moja kwa mwaka. Wangu ulikuwa 52 nina miaka 30, nikaenda theatre una 64. Sikwenda kwa ajili ya urembo. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa siwezi kuosha vyombo dakika kumi bila kuegemeza viwiko kwenye sinki, na mguu wa kushoto ulikuwa unawaka moto kuanzia tako hadi kidoleni.

Nimekaa mezani kwa muda wa saa 9. Nimefunguliwa kuanzia katikati ya mabega hadi karibu na kitokono, ule mfupa wa mwisho wa mgongo. Skrubu 24, nondo 2, kuanzia pingili ya 4 ya kifua hadi kwenye nyonga. Katikati ya hivyo vyuma wamepanga vipande vya mfupa vilivyosagwa. Hapo ndipo watu wengi tunapokosea: chuma hakikuponyi. Chuma ni jukwaa la fundi, kinashikilia tu wakati pingili zinaungana ziwe mfupa mmoja. Jengo lenyewe ni huo mfupa, na unajengeka polepole. Miezi 6 hadi 12, wengine hadi miaka miwili.

Siku ya kwanza nakumbuka sauti tu: "Chezesha vidole vya miguu." Nikavichezesha. Nilisikia mtu akishusha pumzi. Siku ya pili wakanisimamisha. Nililia, na sikulia kwa maumivu. Niliiona sakafu iko mbali. Nimeongezeka sentimeta 4, na mwili ulikuwa umezoea kuegemea kulia miaka yote, kwa hiyo walivyoninyoosha mimi nilijiona nimeinamia kushoto. Ilichukua wiki kadhaa ubongo kukubali kwamba hapa ndipo katikati.

Wiki mbili za mwanzo nyumbani sina la kuzisifia. Morfini inaondoa makali lakini inafunga choo, na siku ya sita bila choo utatamani ile ya upasuaji. Anza dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo unapoanza za maumivu, usisubiri ushauriwe. Kulala ni mto katikati ya magoti, kugeuka ni kama gogo: mabega na nyonga pamoja, miguu inashuka kitandani, kiwiko kinasukuma. Hamu ya kula hakuna. Moyo nao unashuka. Kuanzia wiki ya tatu nilikuwa nalia jioni bila sababu, nikadhani nimechanganyikiwa, kumbe damu ilikuwa imepungua, usingizi hakuna, na dawa nazo zina mchango wake. Ilipita.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Wiki ya tano nimetoka kutembea, nafika mlangoni, ufunguo ukaniponyoka. Ukaanguka palepale, kati ya viatu vyangu. Jamani, niliutazama ule ufunguo. Kuinama marufuku. Kuchuchumaa mapaja hayana nguvu bado. Nilijaribu kuuokota kwa vidole vya mguu, ukateleza ukasogea mbali zaidi. Nimesimama hapo kama dakika 20, mtu mzima, naulinda ufunguo wangu mwenyewe. Akapita mtoto wa kama miaka sita, akauokota, akanipa, akauliza, "Kwa nini huinami?" Nikamwambia nina chuma mgongoni. Akaniangalia juu hadi chini, akasema, "Huonekani."

Ndilo tatizo lenyewe. Hatuonekani. Kidonda kinafunga ndani ya wiki chache, unasimama wima kuliko wanaokutazama, kila mtu anakwambia umependeza. Na wewe mwenyewe unaanza kuamini. Wiki ya 11 niliamini sana, nikanyanyua beseni la nguo zilizolowa. Karatasi niliyopewa hospitali iliandika "epuka vitu vizito" basi, bila kilo, bila maelezo, na mimi beseni sikuliona zito. Nilisikia kitu kikivuta chini kulia. Siku nne sikulala, nikisubiri eksirei, nikijiona nimeharibu kila kitu kwa ajili ya mashuka mawili. Skrubu zilikuwa salama, ilikuwa msuli. Daktari alinitajia kiwango siku hiyo ndipo: kilo 3, hadi mwezi wa tatu uishe, halafu tutaongeza kidogo kidogo.

Karibuni wenye maswali, na waliopita njia hii msaidie.

#2 Mpinde58

Dada pole sana na hongera. Nimesoma mara mbili. Mimi nina digrii 58, miaka 47, daktari amesema uamuzi ni wangu. Swali langu la aibu kidogo: ukishaunganishwa hadi nyonga, chooni unajisafishaje? Nimemuuliza daktari akacheka.

#3 NondoMbili

Hilo swali halina aibu, aibu ni ya aliyecheka. Mimi hakuna aliyeniambia kabla, nikaligundua nimeshakaa.

Ukweli ni kwamba kujipinda kiuno hakupo tena. Kilichobaki ni mikono na nyonga. Kwanza kiti cha choo kiinuliwe, kile kirefu cha kuweka juu. Bomba la maji la mkononi ndilo mkombozi. Nyayo zitanue, egemea mbele kwa kukunjia kwenye nyonga huku mgongo umenyooka, mkono upite mbele katikati ya mapaja. Usijaribu kuzungusha mkono nyuma huko ulikozoea. Kuna pia kijiti kirefu chenye mdomo wa kubana karatasi. Fanya mazoezi ya hivi KABLA ya upasuaji, ukiwa bado na mwili wako wa zamani. Ningejua, ningefanya mwezi mzima.

Wiki ya kwanza utahitaji mtu. Kubali tu.

#4 Kauzu

Mnajikatisha migongo bure. Nina jirani alikuwa amepinda hivyo hivyo, akapata mtu wa kumkanda akanyooka kabisa. Hospitali ni biashara.

#5 MnyooshaViungo

Kauzu, mimi kazi yangu ni hiyo ya kukanda na kufundisha mazoezi ya viungo, kwa hiyo sina sababu ya kuisema vibaya. Kukanda kunalegeza misuli iliyokaza, na mtu aliyekaza misuli husimama amejikunja. Ikilegea anaonekana amenyooka. Lakini mpindo wa mfupa wa digrii 60 kwa mtu mzima hausogezwi na mikono. Na aliyekwisha pigwa skrubu asije akamruhusu mtu yeyote amkandamize au amvunje-vunje mgongo, hata kama ana nia njema.

Hata hivyo si kila aliyepinda apasuliwe. Wengi wenye mpindo mdogo wanaishi na mazoezi na dawa za maumivu hadi uzeeni. Kwa watu wazima matatizo ya baada ya upasuaji ni mengi kuliko kwa watoto, na daktari mzuri atakwambia hivyo usoni.

NondoMbili, umeandika vizuri. Niongeze ya usalama. Mtu akiwa nyumbani akaona homa, kidonda kinavuja au kinanuka, kigimbi kimoja kimevimba na kinauma, au pumzi inakata ghafla, asisubiri kesho. Vivyo hivyo mguu ukiishiwa nguvu, au ganzi ikatokea sehemu za siri, au mkojo ukakataa kutoka au kuzuilika. Hiyo ni ya kukimbizwa saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Na kuhusu mazoezi: kwa miezi mitatu ya mwanzo zoezi ni kutembea. Basi. Watu wanakuja kwangu wiki ya sita wanataka kuimarisha tumbo. Nawaambia nendeni mkatembee. Dakika tano mara sita kwa siku ni bora kuliko nusu saa ya kwenda na kurudi ukiburura mguu.

#6 Kauzu

Sawa mtaalamu. Jirani namfahamu mimi lakini.

#7 BibiFimbo

Wanangu, hamjambo. Mimi nilinyooshwa mwaka 1978 nikiwa na miaka 15.

Enzi zetu hakukuwa na hizo skrubu zenu za kila pingili. Ilikuwa fimbo moja ya chuma yenye ndoano juu na ndoano chini. Aliyeibuni ni daktari Paul Harrington wa Texas, alianza kwa ajili ya watoto waliopindishwa na polio, akaitangaza kwa madaktari wenzake mwaka 1962. Baada ya hapo nikavishwa plasta kiwiliwili kizima miezi sita. Kujikuna nilitumia sindano ya kufumia, na mama yangu aliificha kila alipoiona.

Fimbo ile ilinyoosha kweli. Shida ilinyoosha hata pasipotakiwa. Kiuno kina mbonyeo wake wa asili, ndio unaotusimamisha wima bila kuchoka. Fimbo inavuta juu na chini, mbonyeo ukafutwa. Ujanani sikuona kitu, nikazaa, nikalea. Nilipofika miaka hamsini na kitu nikawa naanguka mbele. Natembea nimekunja magoti ili nione ninakokwenda, jioni mapaja yanatetemeka. Madaktari huuita mgongo bapa. Nikapasuliwa tena nina miaka 57, wakakata kabari ya mfupa kiunoni wakarudisha mbonyeo.

Kwa hiyo Mpinde, mwanangu, ukimwona daktari usimuulize atakunyoosha digrii ngapi. Muulize utasimama vipi ukitazamwa kwa ubavuni. Mgongo uliobaki na mpindo kidogo lakini kichwa kimekaa juu ya nyonga una raha kuliko ulionyooka kama rula.

#8 NondoMbili

Shikamoo mama. Hiyo ya ubavuni nilionyeshwa kwenye eksirei, wakanichorea mstari toka shingoni hadi nyonga, sikuelewa kwa nini wanahangaika nayo hivyo. Leo nimeelewa.

#9 BibiFimbo

Marahaba mwanangu. Beseni usiguse tena.

#10 MkeWaGogo

Naomba niseme upande wa muuguzaji, maana hatuulizwi.

Mume wangu alipasuliwa, pingili 10 zimeunganishwa. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa na kengele ya simu kila baada ya saa nne, usiku na mchana, kwa ajili ya dawa, kwa sababu ukiruka dozi moja maumivu yakikupita, kuyakamata tena ni kazi ya siku nzima. Nilikuwa naandika kwenye daftari: saa, dawa, choo, hatua alizotembea. Daftari lile lilituokoa siku aliyotaka kunishawishi kwamba hajanywa na kumbe kanywa. Kumvalisha soksi nilikuwa napiga magoti. Alikuwa mkali, ananifokea kisha anaomba radhi. Wauguzaji, tafuteni mtu wa kuwapokea hata saa mbili kwa wiki, msijifanye chuma na ninyi. Chuma kishapata mwenyewe.

Niseme na hili ambalo yeye hapendi nilisimulie. Mwezi wa 16, anashuka kwenye gari, wote wawili tulisikia "tak". Akaniangalia. Wiki ile maumivu yakarudi kama zamani. Picha ikaonyesha nondo ya kushoto imekatika katikati, na pale ilipokatika mfupa haukuwa umeunganika. Daktari alimuuliza swali moja tu: unavuta? Kumbe alikuwa anavuta bafuni, dirisha wazi, tangu mwezi wa pili.

Alituchukulia mfano wa waya. Ukikunja waya hapa na hapa mara nyingi, mwisho unakatika, hata uwe mgumu vipi. Mfupa usipoungana, kila hatua ni kukunja waya. Na sigara ndiyo inayozuia mfupa kuungana, kwa sababu nikotini inabana vile vimishipa vidogo vya damu vinavyoulisha. Tumerudi theatre mara ya pili. Sasa ana miezi 8 mingine, na bafu langu halinuki.

#11 Mpinde58

Duh.

#12 Kifyatuo

Poleni wote. Tuwe wakweli basi, tendo la ndoa inakuwaje? Miezi 11 mtu anakaa?

#13 NondoMbili

Nilijua litafika.

Mimi niliruhusiwa wiki ya nane, wengine huambiwa sita, wengine miezi mitatu, inategemea daktari na jinsi ulivyotengenezwa. Mwenye mgongo analala chali, mto chini ya magoti, kazi anafanya mwenzake. Hakuna kujipinda. Mara ya kwanza tulicheka zaidi ya kingine chochote, kwa sababu kila mtu anaogopa kumvunja mwenzake. Yanatosha hayo.

#14 MnyooshaViungo

Kuna mtu kaniuliza pembeni kuhusu dawa, nijibu hapa ili wengi wasome. Dawa kali jamii ya morfini hazikatwi ghafla, zinapunguzwa kwa mpangilio na daktari, la sivyo unatokwa jasho na kutetemeka ukadhani umeugua upya. Usiendeshe gari ukiwa bado unazinywa. Na zile za kutuliza uvimbe ambazo watu hununua wenyewe, kama ibuprofeni, usizitumie bila kumuuliza aliyekupasua. Wapasuaji wengi hawazitaki miezi ya mwanzo kwa hofu ya kuchelewesha mfupa.

Ganzi kandokando ya kovu isiwatishe. Vimishipa vya fahamu vya ngozi vimekatwa, vinarudi taratibu kwa miezi, pengine sehemu ndogo isirudi kabisa.

#15 NondoMbili

Hiyo ganzi! Kuna sehemu chini ya bega la kulia, ukubwa wa kiganja, nikiguswa nasikia kama nimeguswa juu ya koti. Halafu mwezi wa saba ikaanza kuwasha, na ukiikuna haisikii kucha. Unawashwa mahali ambapo hapapo.

#16 Mpinde58

Naomba niulize la mwisho halafu niseme langu. Dada, ungerudi nyuma ungefanya tena?

#17 NondoMbili

Nilijua utauliza, nimelifikiria toka jana.

Mguu hauwaki tena. Vyombo naosha hadi viishe. Lakini siwezi kujikata kucha za miguu, na sitaweza. Nikikaa kwenye kochi laini nahitaji mkono wa mtu kuinuka. Gari likinyemelea nyuma yangu nageuka mwili mzima kama roboti. Asubuhi mgongo umekaza dakika kama 40 kabla haujakubali kuwa ni wangu. Hayo si ya kupona, ndiyo maisha mapya.

Ningefanya. Ila ningefanya nikiwa na miaka 35, na ningekataa kutoka hospitali kabla mtu hajanitajia kilo.

#18 Mpinde58

Asante kwa kutonidanganya.

Langu ni hili. Mimi navuta, pakiti kwa siku, miaka 22. Daktari alishaniambia niache wiki kadhaa kabla na kwamba atapima nikotini kabla ya kunipangia tarehe, mimi nikaona ananiringia. Nilikuwa nimepanga nimdanganye. Nimesoma #10 usiku nikamwamsha mke wangu nikamsomea.

Tarehe nimeomba isogezwe miezi mitatu mbele.

#19 MkeWaGogo

Mwambie mke wako aanze na bafu.

#20 Mpinde58

Ameshaanza. Leo siku ya tatu, nimemfokea mara mbili na nimeomba radhi mara moja. Kibanio kirefu cha kuokotea vitu nimeshanunua, nafanyia mazoezi ufunguo.